Stesheni ya Kigoma kwa Rangi ya Mawese

Kila anayeiona picha hii niliyoichora huanza na swali la rangi. Stesheni yetu inajulikana. Ukiteremka barabara ya Lumumba kutoka mtaa wa Mwanga unakutana nayo huko chini, karibu na bandari, na kuta zake nyeupe zilizopauka na matao yake yaliyopangana. Kwenye picha yangu kuta hizo ni za rangi ya mawese, yale mafuta ya chikichi. Vivuli vya ndani ya matao ni zambarau iliyokolea, ile ya chikichi ambayo haijaiva. Anga ni ya asali. Ardhi ya mbele inang'aa fedha, fedha ya dagaa waliokauka juani.

"Lakini stesheni haina rangi hizo," watu husema, na wanasema kweli. Nataka nieleze kwa nini nimeipaka hivyo, na kwa nini naamini kwa moyo wote kwamba rangi hizi hazikubuniwa hewani.

Nianze na ule weupe wenyewe. Anayekaa Kigoma na kulitazama jengo lile kila siku anajua kwamba weupe wake haukai mahali pamoja. Alfajiri kuta zina ubuluu hafifu. Saa nne zinaumiza macho. Jioni zinageuka njano, na mwezi wa Agosti, mapori yanapochomwa na moshi kutanda, jua linazama jekundu upande wa Kongo na ukuta mzima unaiva nalo. Ukuta mweupe hurudisha mwanga wowote unaoupata. Tena kivuli chake, ukikikodolea macho bila kukubali kile ambacho akili imeshakuambia, si cheusi wala cha kijivu. Kinaangaziwa na anga, na anga ni buluu, kwa hiyo kivuli kina ubuluu ndani yake. Wachoraji wamelijua hilo siku nyingi. Claude Monet alipanga vyumba mbele ya kanisa kuu la Rouen, Ufaransa, mwaka 1892 na 1893, akachora ukuta ule ule wa mawe zaidi ya mara 30: wa buluu, wa waridi, wa dhahabu, wa kijivu cha ukungu. Ukizipanga picha zake pamoja huwezi kusema ipi ndiyo rangi ya jengo.

Monet bado alikuwa anafuata mwanga aliouona. Waliokuja nyuma yake walikwenda mbali zaidi. Mwaka 1906 kijana André Derain alipelekwa London na mfanyabiashara wa picha, akauchora mto Thames na madaraja yake kwa njano, kijani na wekundu ambao London ya moshi wa makaa haikuwahi kuuvaa. Na hapa kwetu hatuhitaji kwenda hata Ulaya. Edward Saidi Tingatinga, mtoto wa Tunduru aliyezaliwa mwaka 1932, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kung'aa za kupakia baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi. Chui wake, ndege wake na tembo wake hawakuomba ruhusa porini kuhusu rangi. Alichora kwa miaka minne tu, akafa 1972, na mpaka leo mamia ya watu wanaishi kwa mtindo ule. Mimi nimekulia katika nchi ambayo chui wa waridi anatundikwa sebuleni na hakuna anayeshangaa. Kwa nini basi jengo la mawese lishangaze?

Nafikiri ni kwa sababu watu wanalipenda, na apendaye hataki kitu chake kiguswe. Hilo naliheshimu sana.

Jengo hili ni kubwa kwa umri kuliko nchi yetu. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912, na Februari 1914 ikagusa ziwa hapa Kigoma, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka baharini. Miezi sita baadaye vita ya dunia ikaanza. Reli hiyo ilileta meli nzima ikiwa vipande, imefungwa kwenye maelfu ya makasha kutoka Papenburg, Ujerumani. Ikaunganishwa hapa na kushushwa majini Februari 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Mwaka uliofuata Wabelgiji walipokaribia, Wajerumani wenyewe waliizamisha, lakini kabla ya kuizamisha wakazipaka mashine zake grisi nzito ili maji yasizile. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba. Hakuna Mkigoma asiyeijua Liemba. Yote hayo yalipita mbele ya matao haya.

Picha za zamani za stesheni ni nyeusi na nyeupe. Tangu Wajerumani waondoke, wamepita Wabelgiji, wakapita Waingereza, tukaja sisi wenyewe. Ukuta wa chokaa katika mji wa mvua kama huu hauishi bila kupakwa upya. Anayeniambia nirudishe rangi yake halisi, namuuliza kwa upole: ya mwaka gani?

Lakini sikuchagua mawese kwa sababu tu rangi nyingine haina uthibitisho. Nilichagua kwa kuifuata reli.

Tunaitwa mwisho wa reli. Katika habari ya rangi jina hilo lina faida kubwa, maana kila kilichopakiwa njiani hatimaye hushushwa hapa, na kila kinachotoka ziwani hupandishwa hapa. Nilikaa na daftari nikaandika stesheni kwa stesheni, nikirudi nyuma kutoka ziwani: Uvinza, Nguruka, Kaliua, Urambo, Tabora. Kando ya kila jina nikaandika kitu chake, na kando ya kitu nikapaka rangi yake. Tabora ni asali, asali ya miombo, nzito, ya hudhurungi yenye wekundu ukiinua chupa juani. Urambo na Kaliua ni tumbaku iliyokaushwa, kahawia inayokaribia shaba. Nguruka ni samaki wa Malagarasi, waliobanikwa mpaka ngozi imekuwa nyeusi yenye mng'ao wa mafuta. Uvinza ni chumvi. Watu wamekuwa wakipika chumvi kwenye chemchemi zile tangu zamani kabisa kabla ya reli na kabla ya misafara, na weupe wa chumvi ya Uvinza si weupe wa karatasi, una kijivu ndani na chembe za kumetameta. Hapo ndipo nilipopata weupe pekee uliobaki kwenye picha: nimeuweka kwenye kingo za matao na kwenye ngazi, mahali palipolambwa na nyayo.

Halafu ikaja Kigoma yenyewe, na Kigoma ni mawese.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuona mawese yakitengenezwa, nieleze kidogo, maana rangi hii haiji hivi hivi. Mkungu wa michikichi unashushwa ukiwa mzito na wenye miiba. Chikichi changa ni nyeusi-zambarau kwenye kichwa chake, na jinsi inavyoiva ndivyo rangi ya machungwa inavyopanda kutoka shinani. Mkungu mmoja unaweza kubeba rangi zote mbili, moja ikiifukuza nyingine. Chikichi zinachemshwa, zinatwangwa au kusagwa kwenye mashine, zinakamuliwa, na yale mafuta yanayoelea yanakusanywa na kuchemshwa tena mpaka maji yaishe. Yakiwa moto ni mekundu kabisa na unaona chini ya sufuria. Yakipoa huanza kuganda, yanakuwa mazito, ya machungwa yasiyopitisha mwanga. Vidole vya wanawake wanaofanya kazi hiyo vina rangi hiyo wiki nzima. Kitambaa kikidondokewa, sabuni inashindwa.

Kwa hiyo niliposema kuta ziwe za mawese nilikuwa tayari nimepata na kivuli chake. Tunda moja limenipa mwanga na giza: machungwa kwenye ukuta uliopigwa na jua, zambarau ndani ya tao. Anayefahamu mpangilio wa rangi atasema machungwa na buluu-zambarau hukaa pande zinazokabiliana na ndiyo maana zikikutana kila moja huiamsha mwenzake. Ni kweli. Ila mkungu wa chikichi ulikuwa umeshalifanya jambo hilo kabla ya mwalimu yeyote wa sanaa.

Kijana mmoja wa jirani, anayependa kukaa karibu nikichora, aliniuliza: "Dada, si upake mawese yenyewe?" Ni swali zuri na jibu lake linastahili kujulikana. Rangi za mafuta za wachoraji husagwa na mafuta ya kitani kwa sababu mafuta hayo, yakipata hewa, yanashikana na kuwa utando mgumu. Hayakauki kwa kupoteza maji, yanabadilika yenyewe. Mawese hayana tabia hiyo. Ukiyapaka kitambaani leo, mwaka ujao bado yatanata, vumbi litayashika na sisimizi watayatafuta. Tena ile rangi yake, ambayo ni ya jamii moja na rangi ya karoti, haivumilii jua. Tulidondosha tone kwenye kipande cha boksi tukakiacha dirishani, na kijana akaona kwa macho yake doa likipauka. Ikabidi mawese yatengenezwe kwa kuchanganya: njano iliyokolea, nyekundu kidogo, na ncha ya kahawia ile ya unga wanayopakia sakafu, ili yasiwe na ukali wa chungwa la dukani. Panapoelekea jua niliongeza njano. Panapoelekea ardhi niliongeza kahawia. Kijana akasema sasa yamechemka.

Kuhusu kitambaa nilikuwa na msimamo tangu mwanzo. Nilitaka amerikani, ile pamba nzito isiyopaushwa. Kitambaa hiki kilianza kuja pwani yetu kwa meli za Marekani katika karne ya 19, kikabebwa vichwani na mabegani mwa wapagazi mpaka Tabora na mpaka Ujiji, kilomita chache tu kutoka hapa, na kilikuwa fedha kamili: kwa mikono ya amerikani ulinunua chakula, ulilipa hongo, yaani ushuru wa kupita katika nchi za watemi, ulilipa wapagazi. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke waliofika Ujiji mwaka 1858 walikuja na mizigo yake. Stanley alipomkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871, alikuwa amevuka nchi kwa nguvu ya kitambaa hicho. Reli ilipofika, njia ile ya miguu ikafa. Kuichora stesheni juu ya amerikani ni kuiweka juu ya njia iliyotangulia. Hakuna anayeliona hilo akiitazama picha, lakini mimi ninalijua, na mkono ulilijua. Nilikivutia kwenye fremu ya mbao, nikakipaka gundi nyeupe iliyochanganywa na maji, kikakauka, nikapiga msasa, nikapaka tena pamoja na rangi nyeupe ya ukutani. Kikawa kinalia kama ngoma ukikigonga.

Na sasa jambo ambalo wachoraji vijana huniuliza mara nyingi: ukiamua rangi ziwe huru, unaanzia wapi? Jibu langu ni kwamba rangi zikiwa huru, mchoro lazima ubanwe. Jengo hili lina matao, na tao halina msamaha. Likipinda kidogo upande mmoja, macho ya mtu asiyejua kuchora kabisa yatasema kuna kitu hakiko sawa. Nilipima upana wa tao kwa penseli iliyonyooshwa mkononi, nikahesabu nguzo, nikachora mstari wa paa na mstari wa sakafu mpaka vikakutana pale vinapopaswa kukutana. Halafu nikaipaka picha nzima kwa kahawia peke yake, nyepesi na nzito, bila rangi nyingine. Hatua hii ndiyo inayobeba kila kitu. Jicho hulitambua jengo kwa mwanga na giza lake zaidi kuliko kwa rangi. Ukiweka giza mahali pake na mwanga mahali pake, unaweza kuupaka ukuta rangi yoyote na mtu bado atasema, "Hii ni stesheni yetu." Ukikosea mwanga, hata ukipaka weupe ule ule wa ukutani, atakuuliza hili ni jengo gani.

Kuna njia rahisi ya kujipima. Piga picha kazi yako kwa simu, iondoe rangi, ibaki nyeusi na nyeupe. Zambarau yangu na nyeusi ya samaki wa Nguruka zilitakiwa zikae chini kwenye giza. Mawese yakae katikati. Asali ya anga na chumvi ya kingo vikae juu. Simu ilinionyesha stesheni ya Kigoma, ile ile ya kwenye picha za zamani.

Lakini ziwa lilikuwa bado linadai. Usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, wavuvi wa dagaa wanatoka Kibirizi na Katonga na taa zao. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni taa za sola. Dagaa hufuata mwanga. Ukisimama kwenye mlima wowote wa mji huu unaona taa zimetandaa ziwani mbali sana, na mgeni anaweza kudhani kuna mji mwingine upande wa pili. Mbalamwezi ikikomaa taa zinapungua, kwa sababu mwanga wa mwezi hutawanya samaki. Taa hizo nimeziweka madirishani. Kila dirisha la juu lina doa moja dogo la njano-kijani, rangi ya karabai, na hakuna hata moja linalolingana na jingine. Hicho ndicho kipande cha picha ninachokipenda kuliko vyote.

Kwenye tao la chini upande wa kushoto kuna mkusanyiko wa vipande vidogo vya rangi, njano, kijani, bluu kali, vimebanana. Ni vitenge. Mei 2015 Liemba ilikuwa ikienda Kagunga, kijiji cha mpakani, na kurudi ikiwaleta wakimbizi wa Burundi, na mji huu ukawapokea, wakiwa wamebeba watoto na magodoro, kabla hawajapelekwa kambini Nyarugusu. Kabla yao walikuja wa Kongo, na wengine kabla ya hao. Sikutaka kuwachora nyuso. Niliziweka nguo zao tu, na nimezipa mwanga.

Picha ilipokauka niliipeleka nje, nikaiegemeza ukutani ili watu waione. Mama mmoja anayeuza dagaa aliisogelea, akaweka beseni chini, akaitazama muda mrefu. Nikamwamkia. Akaitikia, kisha akasema, "Mwanangu, hapa mbele umemwaga mali yangu." Alimaanisha ile fedha ya ardhini. Akataka kujua ni dagaa wa Kibirizi au wa wapi, maana waliokaushwa kwenye kichanja wanang'aa kuliko waliokaushwa mchangani, na hawa wangu wanang'aa. Nikamwambia ni wa kichanjani. Akaridhika.

Mwalimu mmoja hakuridhika. Alisema watoto wanakua bila kujua historia, na sisi wachoraji tunawapa jengo ambalo halipo. Nimelifikiria sana neno lake kwa sababu limetoka kwenye uchungu halali. Jibu langu ni kwamba kazi ile anayoitaka ina wenyewe: wapimaji, wasanifu wa majengo, wapiga picha. Natamani kila tao la stesheni lipimwe na kuchorwa kwa sentimita na nakala iwekwe mahali salama. Na kuna sababu ya kuharakisha. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Jengo la baada ya hapo linahitaji kutangazwa na waziri. Stesheni ya reli iliyofika 1914 haina umri huo. Upendo wetu peke yake haujaandikwa popote kwenye sheria.

Na mambo yanakwenda. Desemba 2022 ulisainiwa mkataba wa reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita 506 ukihesabu na njia za kupishania. Njia ya zamani ina upana wa mita moja kati ya chuma na chuma, mpya ina milimita 1,435. Treni moja haiwezi kutumia zote mbili. Ninaifurahia reli mpya kwa dhati. Aliyewahi kusafiri na mtoto mgonjwa kutoka hapa hadi Dar es Salaam hawezi kuipinga. Lakini reli mpya huja na stesheni zake mpya, na ndipo swali linapokuja: lile jengo la matao litafanya kazi gani?

Paris kulikuwa na stesheni ya Orsay, iliyofunguliwa mwaka 1900. Treni zilipokuwa ndefu kuliko majukwaa yake ikapoteza kazi, na ilikaribia kabisa kubomolewa. Katika miaka ya 1970 kundi moja la maigizo lilihamia humo, likajenga ukumbi wake chini ya lile paa la chuma na kuigiza mle ndani. Mwaka 1986 jengo likafunguliwa kuwa makumbusho ya sanaa, na leo ndani yake zinatundikwa baadhi ya zile picha za kanisa la Rouen, pamoja na stesheni ya Saint-Lazare aliyoichora Monet mwaka 1877, na moshi wa buluu ukipanda chini ya paa. Picha ya stesheni imetundikwa ndani ya stesheni.

Tangu nilipolijua hilo siwezi kulitazama jengo letu bila kuona ukumbi wa maigizo ndani yake. Ndiyo maana nimeanza picha ya pili. Ni usiku. Matao yamewashwa kwa ndani, na safari hii mwanga ni wa mawese moto, yale mekundu yanayopitisha macho. Kuta zimekuwa zambarau. Watu wanapanda ngazi za chumvi wamevaa vizuri, wengine wametoka Ujiji, wengine Gungu, wengine wameshuka kwenye boti kutoka ng'ambo. Mahali ambapo abiria walingojea, sasa kuna viti na pazia. Mkoa uliotoa waimbaji wengi kiasi hiki, wenye ngoma za Waha na masimulizi ya ziwa, unastahili jukwaa lenye paa na matao. Nimeipaka paa kijani cha majani ya mchikichi, na juu yake nimeacha nafasi ya jina la ukumbi bila kuandika chochote, kwa sababu jina ni la mji kulichagua.

Mzee mmoja aliyestaafu reli amekuwa akija kuikagua picha hii ya pili. Nampa shikamoo, anakaa kwenye kigoda, anatazama. Kuhusu rangi hana neno. Anasema ameshaona stesheni ile gizani na taa ya mafuta mkononi, na gizani kila kitu kina rangi yake. Shida yake ni nyingine.

"Treni iko wapi?"

Nikamweleza kwamba humu ni ukumbi sasa, watu wamekuja kuona maigizo.

"Nimeelewa, mwanangu. Waigize. Lakini behewa moja libaki kwenye reli nyuma pale, milango wazi. Watakaobadilishia nguo watabadilishia wapi?"

Kwa hiyo behewa linaingia. Litakuwa la kahawia ya tumbaku, na mzee ameshanionyesha kwa kidole upande ambao ngazi yake inatakiwa kukaa.